Injini ya kale, mafuta ya pinki na usiku mmoja hospitalini

Injini yenyewe inaenea kiganjani. Ni O.S. Max iliyotengenezwa Japani, yenye ujazo wa sentimita 2.1 tu, na ilikuwa imelala kwenye boksi la viatu pamoja na gari la rimoti lililopoteza tairi moja. Muuzaji kwenye gulio la Jumapili, katika mji mmoja wa Uingereza, alitaka pauni 15. Baba, dereva wa basi mzaliwa wa Tanga, alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo mkewe hadi leo haliamini.

Alikuwa na sababu yake. Kijana wake wa miaka 11 alikuwa akitoka shule anaingia chumbani, na tangu hapo hadi chakula cha usiku wanaomwona ni tableti yake. Baba naye zamu zake hazitabiriki. Walikuwa wakisalimiana mlangoni kama wapangaji wa nyumba moja. Alifikiri kitu cha kushika kwa mikono miwili, kichafu kidogo, kingewakalisha meza moja.

Na kweli kiliwakalisha. Ila katikati ya kazi hiyo kuna usiku mmoja ambao familia hii isingependa urudie, na ndio unaofanya habari yao ifae kusomwa na mzazi yeyote mwenye kopo la mafuta, la rangi au la dawa ya mende nyumbani.

Si betri, si petroli

Wazazi wengi wanayajua magari ya rimoti ya kuchaji. Haya mengine, yanayoitwa ya nitro, yana injini halisi ya mipigo miwili, jamaa wa mbali wa injini ya msumeno wa kukatia miti. Ina pistoni, konrodi, kabureta na ekzosti. Yakikimbia hutoa moshi mweupe na mlio mkali kama nyigu aliyefungiwa kwenye debe, maana injini ndogo hivyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika.

Kampuni ya O.S. ilianzishwa na Shigeo Ogawa mjini Osaka mwaka 1936 na ikajenga jina kwa injini za ndege ndogo za kuchezea, kabla magari hayajaingia kwenye mchezo. Ajabu ya injini hizi ni plagi. Haina cheche. Ndani yake kuna waya mwembamba uliojikunja, wenye madini ya platinamu, ambao huwashwa kwa betri ya volti moja na nusu hivi hadi ukawa mwekundu. Injini ikishaanza, betri huondolewa. Waya hubaki umewaka wenyewe kwa joto la mlipuko na kwa jinsi platinamu inavyokutana na mafuta. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza plagi hiyo sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940, na mpaka leo haijabadilika sana.

Kinachofanya kazi hapo ni methanoli. Sehemu kubwa ya mafuta ya nitro ni hiyo. Huongezwa nitromethani, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30, kuipa injini nguvu, kisha oili ya kulainisha. Oili hiyo huweza kuwa ya viwandani au mafuta ya nyonyo, yaleyale ambayo bibi alikuwa akipaka kichwani. Watengenezaji wengi hutia rangi ili mtu aone kiasi kilichobaki kwenye tangi. Kuna ya bluu, kuna ya kijani, kuna ya pinki.

Pistoni iliyogoma

Jioni ya kwanza kijana alivuta kamba ya kuwashia na haikusogea hata nukta. Injini ilikuwa imeganda. Baba alitaka kuikamata kwa plaizi na kuizungusha kwa nguvu. Bahati nzuri alijizuia, kwa kuwa hapo ndipo injini nyingi za zamani hufia mikononi mwa watu wema.

Sababu ya kuganda ni mafuta ya nyonyo. Yanalainisha vizuri hata kwenye joto kali, lakini yakiachwa miaka mingi hukauka na kuwa kama gundi ya rangi ya asali. Tena silinda ya injini hizi imetengenezwa ikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, kwa makusudi, ili pistoni ibane inapofika kileleni. Silinda ni ya shaba ya manjano iliyopakwa kromi, pistoni ni ya aluminiamu. Zikipata joto, shaba hutanuka zaidi ya pistoni na nafasi huwa sawasawa kabisa. Zikiwa baridi, zinabanana. Kuilazimisha injini baridi iliyoganda ni kuukwangua ule utando wa kromi au kuikunja konrodi.

Kwa hiyo walichukua mashine ya kukaushia nywele ya mama. Waliipulizia injini hewa ya moto kwa dakika kadhaa, wakadondosha oili nyepesi kwenye tundu la plagi na kwenye mdomo wa kabureta, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi wakarudia. Siku ya tatu, kijana alishika gurudumu zito la nyuma ya injini, akalisukuma kushoto na kulia, taratibu, na likalegea. Alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kufungua kukafuata, na hapa kijana ndiye alikuwa bosi. Alipiga picha kila kifaa kabla hakijatoka. Skrubu alizipanga kwenye trei ya mayai, kila kishimo na namba yake. Chini ya kichwa cha silinda walikuta washa mbili nyembamba kama karatasi, na mtu mwenye haraka angezifuta pamoja na uchafu. Zina kazi: ndizo zinazoamua mgandamizo, na moja ikipotea injini huchemka kupita kiasi. Walitia alama upande wa konrodi unaotazama mbele, maana ikirudishwa kinyume tundu la oili hukaa pabaya.

Ndani palikuwa na hadithi mbili. Pistoni na silinda zilikuwa nzima, bila mikwaruzo. Beringi ya nyuma, ile kubwa inayoshika krenki, ilikuwa na kutu, ikizunguka kwa kukwaruza kama mchanga kwenye meno. Hili ni la kawaida. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na mabaki ya nitro yaliyoungua huwa na asidi. Mtu akimaliza kucheza na kuweka gari kabatini bila kumaliza mafuta na kutia oili ya kuhifadhi, kutu huanza kazi kimyakimya. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, kutu ingewahi zaidi.

Sufuria la mama

Mgogoro wa kwanza nyumbani haukuwa wa mafuta, ulikuwa wa sufuria. Wapenzi wa injini hizi wana njia maarufu ya kutoa utando mweusi wa nyonyo: huzichemsha polepole kwa saa nyingi kwenye kulanti, ile dawa ya rejeta ya gari, ndani ya sufuria la umeme. Inafanya kazi kweli, injini hutoka ikimetameta. Baba akaanza kulitazama sufuria la maharage.

Mama watoto, ambaye ni muuguzi msaidizi, alikataa katakata. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na huharibu figo. Sufuria lililotumika kwa kazi hiyo halirudi jikoni tena, hata lioshwe mara kumi. Mvuke wake nao si wa kupumuliwa ndani ya nyumba. Anayeitaka njia hii anunue sufuria kuukuu la kazi hiyo tu, aliandike kwa maandishi makubwa, alitumie nje, na kulanti aliyoichemsha asiiache wazi mahali paka au mtoto anapoweza kuifikia.

Wao walitumia maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kisha wakakausha haraka na kupaka oili. Utando haukutoka wote. Kichwa cha silinda bado kina doa la kahawia, na doa hilo haliisumbui injini hata kidogo. Linasumbua macho ya watu wanaopenda vitu ving'ae.

Beringi nayo ilihitaji joto. Kasha la injini la aluminiamu likifika nyuzi 150 hivi hutanuka, beringi ya chuma ikadondoka yenyewe kwa kugongwa kidogo juu ya ubao. Mpya huwekwa kwanza kwenye friza ili ijikunyate, kisha hutumbukizwa kwenye kasha likiwa bado la moto. Oveni ya jikoni ilipigwa marufuku kwa sababu ileile ya sufuria. Baba alitumia bunduki ya hewa moto bandani, amevaa glavu nene, kijana akiwa hatua mbili nyuma na miwani ya kinga. Beringi mpya iliingia kwa mlio mdogo, tiki. Walibadilisha pia mipira ya kuzuia hewa kwenye kabureta na kwenye kifuniko cha nyuma, kwa kuwa mpira mkavu huvujisha hewa na injini inayovuta hewa ya pembeni haitulii hata uirekebishe vipi.

Chupa ya mtoto

Jumamosi ya kuwasha ilifika. Mafuta yalikuwa ya pinki, yenye nitro asilimia 10. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021, mwananchi wa kawaida haruhusiwi kununua mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 16 bila kibali, kwa kuwa nitromethani inaweza kutumika kutengeneza vilipuzi. Uingereza nayo ina udhibiti wa namna hiyo. Sheria hizo hazisemi lolote kuhusu methanoli iliyobaki ndani ya kopo.

Mafuta haya hutiwa kwenye tangi kwa chupa maalumu yenye mrija uliopinda. Ya kwao ilikuwa imepasuka. Baba akatazama huku na huku, akaona chupa ya kunywea maji yenye mdomo wa kufyonza, akaona inafaa kabisa. Akaijaza nusu, akaiweka mezani jikoni, akaenda bandani kuchukua betri ya plagi. Haikuwa hata dakika tatu.

Chupa ilikuwa ya binti yao wa miaka minne. Aliitambua, na ilikuwa na kitu cha pinki ndani.

Mama aliingia akamkuta ameishika kwa mikono miwili, mdomo wa chupa umefunguliwa, kidevu kina unyevu. Alinusa. Harufu ilikuwa ya spiriti.

“Umekunywa, mwanangu?”

Mtoto alitazama chini. Mtoto wa miaka minne aliyeulizwa kwa sauti ile hasemi ndiyo wala hapana.

Hawakusubiri kujua. Mama alimfuta mdomo kwa maji, akamvua blauzi iliyolowa, akamfunga kwenye khanga. Baba alichukua kopo la mafuta lenye lebo, akaliweka kwenye mfuko. Walikuwa idara ya dharura ndani ya dakika 20, mtoto akiimba wimbo wa shule njiani, mzima kabisa kwa macho.

Uzima huo wa macho ndio mtego. Methanoli yenyewe mwanzoni hulevya tu kidogo, au haionyeshi kitu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na kazi hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingi 12 hadi 24. Asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa macho na kuchachusha damu. Kichwa huuma, tumbo husokota, pumzi huwa za haraka na nzito, macho huona kama ukungu au theluji. Mgonjwa akifika hatua hiyo, muda mzuri wa kumtibu umeshapita kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu mzima, mililita 10 za methanoli safi zimewahi kutajwa kuwa zinatosha kupofusha, na 30 kuua. Kwa mtoto mdogo, funda moja ni jambo la hospitali.

Wakenya wanaikumbuka sumu hii. Mei 2014 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, na baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Ni methanoli ileile. Tofauti ni chupa.

Daktari aliuliza maswali matatu: nini, kiasi gani, saa ngapi. Kopo lilijibu la kwanza. Kopo lilikuwa na faida nyingine pia. Nitromethani ina tabia ya kuvuruga baadhi ya vipimo vya figo, kreatinini ikaonekana iko juu mno wakati figo ni nzima, na daktari asiyejua kilichomo anaweza kufuata njia isiyo. Hospitali za Uingereza huuliza ushauri kwa huduma ya taifa ya taarifa za sumu. Mtoto alitolewa damu kupimwa asidi, ikatolewa tena baada ya saa kadhaa. Dawa ipo, ama fomepizoli ama ethanoli inayotolewa kwa kipimo na madaktari, ambayo hulishughulisha ini lisiibadilishe methanoli. Zikizidi, damu husafishwa kwa mashine. Lakini ni lazima ziwahi.

Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi asubuhi. Kila mtoto alipojigeuza, alimwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Vipimo vyote viwili vilitoka vizuri. Inavyoelekea alikuwa amelamba tu, ladha ikamshinda.

Kinachofanyika, kisichofanyika

Afrika Mashariki kisa hiki kina sura nyingine, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, na madaktari wa watoto wanakijua kwa moyo. Mzazi anayemkuta mtoto na chupa ya namna hiyo asimtapishe. Asimpe maziwa akidhani yanakata sumu, hayakati. Aifute midomo, avue nguo zilizolowa kwa sababu methanoli hupita kwenye ngozi pia, aoshe ngozi kwa maji mengi, achukue chupa au kopo lenyewe aende hospitali mara moja hata kama mtoto anacheka. “Tumwangalie kwanza mpaka asubuhi” ni sentensi ya hatari.

Kosa la baba lilikuwa dogo na ndilo tunalolifanya wote. Hakuacha kopo wazi. Alihamisha kitu kutoka kwenye chombo kinachosema “sumu” kwenda kwenye chombo kinachosema “kunywa”. Mtoto asiyejua kusoma anasoma chombo.

Wiki mbili injini haikuguswa. Kijana hakuuliza. Siku moja baba alimkuta bandani anafuta vumbi kwenye trei ya mayai, namba moja hadi 12, na akaelewa kuwa kimya kile si cha kukata tamaa.

“Baba, tutaiwasha?”

“Muulize mama yako.”

Mama alitoa masharti, na hakuyaandika popote kwa kuwa hayakuwa mengi. Kopo linakaa kwenye kabati la chuma bandani, lenye kufuli, na ufunguo anao yeye. Mafuta hayaingii ndani ya nyumba. Chupa ya kujazia inunuliwe ile yenyewe. Anayemimina ni baba, kwa glavu za naitraili, na kijana hamwagi wala hapulizi mrija kwa mdomo. Sharti la mwisho lilimshangaza baba: ndoo ya maji na blanketi la kuzimia moto viwe karibu, kwa sababu moto wa methanoli mchana hauonekani. Mtu anaweza kuwa anaungua mkono na asione ndimi za moto, anahisi joto tu.

Waliwasha kwenye uwanja wazi, maana moshi wa injini una kaboni monoksaidi na banda si mahali pake. Kijana alivaa vizuia sauti masikioni. Waliipasha injini joto kwa mashine ya nywele, sasa ya kwao wenyewe, mama amenunua nyingine. Baba akafungua sindano ya kabureta robo zaidi ili mafuta yawe mengi, kama inavyotakiwa kwa injini iliyofunguliwa. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa nne, ikakohoa. Wa saba kamba ikakataa kabisa, na baba safari hii hakuvuta kwa nguvu: mafuta yalikuwa yamejaa juu ya pistoni. Walitoa plagi, wakaipindua injini, wakayamwaga kwenye kitambaa, wakarudisha.

Mvuto wa tisa iliwaka. Moshi mweupe ulijaa harufu ya nyonyo, na baba akasema inanuka kama nyumba ya bibi yake Pangani, jambo ambalo kijana alilisikia kwa mara ya kwanza. Akauliza bibi huyo alikuwa nani. Waliongea hapo, wamechuchumaa, injini ikinguruma kivivu, hadi tangi la kwanza likaisha.

Baada ya kila tangi waliiacha ipoe, pistoni ikiwa chini ili silinda isibane ikiwa inasinyaa. Kwenye tangi la tatu kijana alipewa rimoti. Lilipozima, alidondosha tone la maji juu ya kichwa cha silinda, bila kukigusa, kwa kuwa kinaweza kupita nyuzi 100 na kidole kilichoungua hapo kinahitaji dakika 20 chini ya maji baridi yanayotiririka, si dawa ya meno. Tone likichemka na kutoweka papo hapo, injini inachemka mno. Likikaa tu, bado iko baridi.

Binti wa miaka minne alikuwa mbali kidogo, kwenye mkeka na mama yake, na chupa mpya ya zambarau. Alihesabu kwa sauti pamoja na kaka yake. Moja, mbili, tatu, nne. Tone likatoweka kwenye nne.